Amekihama Chama au Ametuhama? Usemi wa Uaminifu na Usaliti katika Vyama vya Muziki vya Pwani

Katika vyama vya muziki vya pwani ya Afrika ya Mashariki, viwe vya taarabu, vya beni au vya dansi, ambavyo wanachama wake hawakupokea mshahara bali walikutana jioni baada ya kumaliza kazi zao za mchana, hapana ugomvi uliozoeleka kuliko ule wa mwenzi aondokaye. Mpiga fidla aliyefundishwa na chama huonekana usiku mmoja amekaa miongoni mwa wapigaji wa chama cha pili. Mwimbaji ambaye sauti yake ndiyo iliyowavuta watu arusini husikika akiimba mtaa mwingine. Na kesho yake mji mzima hushughulika na habari hiyo kana kwamba ndoa imevunjika. Wataalamu wamekwisha kuandika mengi juu ya mashindano ya vyama hivi. Terence Ranger alitoa kitabu chake juu ya ngoma ya beni mwaka 1975. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, aliyaeleza mashindano ya lelemama. Laura Fair alieleza ya Unguja mwaka 2001, na Kelly Askew ya Tanga mwaka 2002. Kazi hizo zina thamani kubwa, wala hapana mtafiti awezaye kuziruka. Lakini jicho lao limeelekea zaidi ukuta unaotenga chama na chama kuliko nyufa zilizomo ndani ya nyumba yenyewe. Tena zote nne zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo swali moja ambalo Kiswahili chenyewe hulizusha halikupata nafasi yake: mwenzi aondokapo, huondokaje katika sentensi?

Swali hili si la mchezo. Kitenzi cha kawaida kwa tendo hili ni kuhama, na kitenzi hiki chaweza kukaa peke yake bila ya kutaka yambwa: "Fulani amehama." Aliyesema hivyo hajahukumu, ametoa habari tu, kama vile mtu asemavyo kwamba jirani amehamia Pangani. Chaweza pia kuchukua yambwa, na hapo ndipo fitina huanza. Husemwa "amekihama chama", kwa kiambishi -ki-, na aliyeachwa hapo ni kitu: jina, daftari la wanachama, ukumbi, kabati la ala. Husemwa pia "ametuhama", kwa kiambishi -tu-, na aliyeachwa sasa ni watu wenye nyoyo. Tofauti ni ya silabi moja, lakini katika mkutano wa chama silabi hiyo yatosha kumtoza mtu faini au kumsamehe. Na mwenye kuondoka naye ana kiambishi chake. Yeye hasemi kwamba amehama, husema "nimejitoa". Kwa -ji- hiyo amejifanya mtenda na mtendwa kwa pamoja, kana kwamba tendo lote limeanzia kwake na kuishia kwake wala halikumgusa mtu mwingine. Ndiyo maana katika ugomvi wa namna hii pande mbili zaweza kukubaliana juu ya kila jambo lililotokea, siku, mahali na mashahidi, zisikubaliane hata kidogo juu ya yambwa.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kutoa hukumu yake katika neno kinalomwitia mtu asiyelipwa kwa mchezo au sanaa yake. Huyo huitwa mchezaji wa ridhaa. Neno hili latumika zaidi katika ngumi na kandanda, lakini lafaa vile vile kwa muziki, na inafaa kulitazama vizuri. Lugha za Ulaya zilizochukua neno la Kifaransa kwa jambo hili humwita mtu huyo mpenzi, yaani afanyaye kwa mapenzi. Kiswahili hakikusema mapenzi. Kilisema ridhaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni kukubali kwa radhi ya moyo bila ya kushurutishwa. Basi mpiga udi wa chama cha ridhaa amefungwa na nini? Hakufungwa na mkataba wala mshahara. Amefungwa na kukubali kwake mwenyewe, na kukubali ni jambo ambalo, kwa tabia yake, mtu aweza kulirudisha. Kama chama ni cha ridhaa kweli, aliyeondoka amerudisha kilicho chake. Kama kuondoka kwake ni usaliti, basi chama hicho hakikuwa cha ridhaa tu. Palikuwa na kitu kingine kilichowafunga wanachama, ambacho hakikuandikwa katika kanuni.

Kitu hicho ni nini? Maneno yenyewe yatoa dalili. Usaliti umetokana na shina la Kiarabu s-l-t, ambalo katika kitenzi chake sallata lina maana ya kumpa mtu nguvu juu ya mwingine au kumsukuma amvamie. Katika Kiswahili kusaliti kumechukua maana ya kuvunja ahadi, kutoa siri nje, na kufitini wenzi. Kwa hiyo msaliti, katika maana yake kamili, si yule aliyeondoka bali ni yule aliyewapa wengine nguvu juu ya wenzake. Neno la pili ni hiana, kutoka kwa Kiarabu khiyana, na shina hilo hilo ndilo lililotupa haini na uhaini. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, lakini yamelelewa nyumba mbalimbali. Uhaini ulikwenda mahakamani, nao ni kosa dhidi ya dola. Ni nadra kusikia mpiga ngoma akiitwa haini, ila kwa mzaha. Hiana ilibaki majumbani, na huko maana yake ikaelekea uchoyo: mwenye hiana ni mtu anyimaye. Hapana neno lifaalo zaidi kwa maisha ya ndani ya kikundi cha muziki. Kabla ya mwenzi kuondoka kwa miguu, aghalabu huwa amekwisha kuondoka kwa hiana: hafiki mazoezini, au afika asipige kwa uwezo wake wote, ajua mpito wa sauti usiojulikana na wengine, naye haufundishi, ana shairi jipya, na alifungia sandukuni. Wanachama huhesabu usaliti tangu siku ya kuhama. Mwenye kuisikiliza lugha vizuri angeuhesabu tangu siku ya kunyima, na pengine angegundua kwamba aliyenyima wa kwanza hakuwa yule aliyehama.

Upande wa pili kuna amana, ambayo kutokana nayo, au kutokana na shina lake, tumepata amini, mwaminifu na uaminifu. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze. Msomaji akilikumbuka hilo ataona kwamba uaminifu katika chama si utiifu, ijapokuwa viongozi wa vyama hupenda kuyachanganya maneno haya mawili. Mtiifu hufuata amri. Mwaminifu hutunza alichopewa. Mwimbaji aliyepewa wimbo na chama, akauhifadhi, akaufundisha kwa wadogo, kisha akaondoka, ameitimiza amana yake ingawa ametoka katika utii. Na yule aliyekaa miaka ishirini akitii kila neno la mwenyekiti, huku akiziacha nyimbo zife kwa kutozifundisha, hakuhama popote, lakini amana imeharibika mikononi mwake.

Vyama vyenyewe vilizitangaza fikra hizi katika majina yao. Chama cha taarabu cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905 kilijiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wa usafi, ndugu wenye nyoyo safi. Jina hilo si geni katika elimu ya Kiislamu; lilikuwa jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, ambao waliandika risala zao bila ya kutaja nani ameandika ipi. Ignaz Goldziher alitoa rai kwamba wanafalsafa hao nao walilitoa jina lao katika Kalila na Dimna, katika hadithi ya njiwa walionaswa. Ndege hao walitua kula nafaka, wavu ukawaangukia wote. Kila mmoja alianza kupapatika upande wake, hata mkubwa wao akawaambia wasiruke mmoja mmoja bali waruke kwa pamoja. Wakaruka, wakaubeba wavu, wakaenda nao hadi kwa panya aliyekuwa rafiki, naye akaukata. Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya umoja, na kweli ni sifa ya umoja. Hata hivyo ina upande ambao wasimuliaji huupita upesi: ndege wale waliruka pamoja kwa kuwa walikuwa katika wavu mmoja.  Njiwa mkubwa alimwomba panya aanze kuwakata wenzake kabla yake mwenyewe, na hapo ndipo ulipo uaminifu wa hadithi hii, katika mkubwa kutaka kuwa wa mwisho kufunguliwa. Ni sifa ambayo vyama vingi vimeichukua jina bila ya kuichukua tabia.

Mwaka 1958 kilitokea Unguja chama kingine, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Culture Musical Club. Mwanzoni kiliitwa Shime Kuokoana. Kutoka Ikhwani Safaa hadi Shime Kuokoana si umbali wa miaka hamsini na mitatu tu. Ni safari kutoka nomino hadi kitenzi. Jina la kwanza laeleza hali: wao ni ndugu, na udugu haufanywi, huwapo. Jina la pili laagiza tendo, tena tendo lenye kiambishi tamati -an-, ambacho huwataka watu wawili au zaidi kutendeana. Hivi ndivyo Kiswahili kinavyopenda kuutaja wema wa kikundi: kusaidiana, kuaminiana, kusikilizana, kuokoana. Lakini msomaji ajaribu kuitafuta kauli hiyo katika ugomvi wa bendi. Kusalitiana ni neno sahihi kwa kila kanuni ya sarufi, ila halisikiki. Wenzi huaminiana wote wawili, kisha mmoja husaliti. Lugha imeruhusu hatia igawanywe, wasemaji hawaitaki ruhusa hiyo.

Ama fasihi ya kale, yenyewe ililiona jambo hili kwa ukali zaidi. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, maadui wa shujaa hawakuweza kumwua kwa jeshi wala kwa kifungo. Alipokuwa gerezani, kishindo cha ngoma na nyimbo za gungu ndicho kilichoufunika mlio wa tupa iliyokata pingu zake. Kwa maneno mengine, aliokolewa na muziki wa wengi. Aliuawa na mtoto wake, kwa kuwa mtoto ndiye pekee aliyeweza kumwuliza ni kitu gani kiwezacho kumdhuru, na kujibiwa. Utenzi huu wafundisha jambo lenye faida kwa mada hii: usaliti wahitaji siri, na siri huwa kwa aliye karibu. Mgeni aweza kudhuru lakini hawezi kusaliti. Katika vyama vya muziki siri hiyo ni wimbo mpya. Ulifanyiwa mazoezi ndani, milango imefungwa, ili wapinzani wasipate kuusikia na kutunga jibu lake kabla haujatolewa. Aliyehama mikono mitupu alihuzunisha. Aliyehama na wimbo ambao haujaimbwa alikuwa ameichukua sindano ya shaba. Wanachama wa kale walizijua vizuri tofauti hizi. Ni wa siku hizi ambao huwaita wote wawili kwa jina moja.

Sasa inafaa kuzitazama nyimbo, maana ndizo zilizobeba kesi hizi mbele ya watu. Wahakiki wa taarabu wamekuwa wakigawanyika makundi mawili. Kundi moja huzisoma nyimbo hizi kama mashairi ya mahaba, na kuyahesabu mafumbo yake kama pambo. Kundi la pili, lililopata nguvu tangu mipasho ilipotawala jukwaani katika miaka ya 1990, huzisoma kama vijembe, na kutafuta nani alimlenga nani. Makundi yote mawili yamepotewa na jambo moja la sarufi ambalo liko wazi mno hata halionekani. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havitofautishi mume na mke. A- ya nafsi ya tatu na u- ya nafsi ya pili humtaja mtu, basi. Kwa hiyo wimbo unaomlaumu mpenzi aliyekula kiapo kisha akaenda kwa mwingine hauhitaji kubadilishwa hata herufi moja ili umlaumu mpiga kanuni aliyekula kiapo kisha akaenda kwa chama kingine. Kwa Kifaransa au Kiarabu mtunzi angelazimika kuchagua, na kwa kuchagua angejifichua au kujificha. Mtunzi wa Kiswahili hachagui. Wimbo wake si wa mahaba uliovaa nguo ya ugomvi, wala si wa ugomvi uliovaa nguo ya mahaba. Ni wimbo wa kuachwa, na aliyeachwa ndiye atakayejua kaachwa na nani.

Na kama kwamba hiyo haitoshi, kuna desturi ya kutunza. Msikilizaji huinuka mahali pake, hutembea polepole hadi kwa mwimbaji, na kumtunza fedha pale ubeti unapofika neno alitakalo. Kwa tendo hilo ameuchukua ubeti na kuufanya wake. Jicho lake likimwangukia mtu fulani wakati huo, ukumbi mzima umekwisha kuelewa. Mwimbaji hakusema lolote. Mtunzi yuko nyumbani kwake. Hapa fumbo hufanya kazi ambayo mkutano wa chama hauwezi kuifanya: humshitaki aliyehama mbele ya mji wote bila ya kumtaja, na kwa hiyo humwachia mlango wa kurudi. Mtu aliyetajwa jina hana njia ila kujibu au kukaa mbali. Mtu aliyefumbiwa aweza kujifanya hakusikia, na baada ya miezi sita akaonekana tena mazoezini, asiulizwe. Kwa kipimo hiki ndipo wimbo mzuri wa namna hii hutengana na ule mbaya. Wimbo mbaya humtaja aliyehama kwa sifa zisizomwacha na shaka: mtaa wake, kasoro ya mwili wake, deni lake. Huo hupigiwa vigelegele siku ya kwanza, na siku ya pili haufai kwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa haukuacha nafasi ya mwingine kuingia. Mipasho mingi ya miaka ya karibuni ina kasoro hii, si kwa sababu ni mikali, maana nyimbo za kale zilikuwa kali pia, bali kwa sababu ni mifinyu.

Vyama vya wanawake vya Unguja vya miaka ya 1940 na 1950, kama vile Nuru el-Uyun, Sahib el-Ari, Royal Navy na Royal Air Force, vyastahili makala yake peke yake. Hapa itoshe kutaja sare. Mwanachama alishona nguo ya chama kwa gharama yake, na nguo hiyo ilikuwa kiapo kinachoonekana. Kuhama kulikuwa na ushahidi wa kitambaa. Inachekesha kidogo kwamba vyama viwili kati ya hivyo vilijipa majina ya majeshi ya Mwingereza, ambayo askari wake wakiondoka bila ruhusa hufungwa, hali vyenyewe havikuwa na adhabu ya maana ila kununiwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba si kila uhamaji wa wanachama uliitwa usaliti. Mwaka 1955 TANU ilipowatafuta wanawake wa Dar es Salaam, iliwapata kwa njia ya vikundi vya ngoma, na Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Vikundi viliingia kwa wingi wao. Neno chama lilikuwa moja, la siasa na la ngoma, na aliyekuwa na vyama viwili hakuonekana kuwa na mioyo miwili. Aendaye na wenzake wote hahami, ijapokuwa amekwenda mbali kuliko yule aliyevuka mtaa mmoja peke yake.

Ushahidi mwingine, ambao haujatazamwa inavyostahili, ni majina wanayoyachukua walioondoka. Mtu angedhani kwamba aliyekasirika angetafuta jina lisilofanana kabisa na la kwanza. Mambo huwa kinyume. Tanga palikuwa na Black Star, kisha pakawa na Lucky Star; nyota imebaki, kivumishi kimebadilika. Shakila binti Said, aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vyama vyote viwili kabla ya kwenda Dar es Salaam kuimba na JKT Taarab, na wasikilizaji waliifuata sauti yake kokote ilikokwenda bila ya kuuliza cheti. Katika dansi, mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika ya akina Kinyonga waliondoka na kuunda Les Wanyika, na Issa Juma baadaye akawa na Super Wanyika yake. Wote walibaki Wanyika, jina ambalo watu wa pwani zamani waliwaitia watu wa bara ya karibu kwa dharau kidogo. Katika Les Wanyika kuna wingi mara mbili, wa Kifaransa mbele na wa Kibantu nyuma yake, kama kwamba walioondoka walitaka kusisitiza kuwa wao ndio wengi. Nusu ya jina iliyobaki yaeleza jambo ambalo wahusika wenyewe, wakiulizwa, huenda wasingelikubali: kwamba wanadai urithi. Msaliti hadai urithi wa aliyemsaliti. Adaiye ni mwana wa nyumba aliyegombana na ndugu zake.

Na urithi wenyewe ndio unaoleta shida iliyo nzito kuliko zote, nayo ni ya wahariri na wahifadhi wa nyimbo. Katika chama cha ridhaa shairi lilitolewa na mmoja, sauti ikatiwa na mwingine, likaimbwa na wa tatu, na likahesabiwa kuwa la chama. Utaratibu huo haukumdhuru mtu maadamu wote walikuwa chini ya paa moja. Mmoja akihama, paa limetoboka. Chama husema wimbo ni wake. Mtunzi husema shairi ni lake. Mwimbaji hana la kusema, lakini watu wanapoutaka wimbo humwita yeye. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar sheria yake ya hakimiliki mwaka 2003. Sheria hizi zamjua mtunzi na zamjua msanii. Kuijua ile hali ya kale ambayo watu kumi na watano walitunga kwa kurekebishana mazoezini, mmoja akitoa neno na mwingine akilikataa, ni kazi ngumu kwa sheria yoyote. Ndiyo maana mara nyingi neno usaliti hutumika kuziba pengo la hati isiyokuwapo. Chama kisichoweza kuthibitisha kwamba wimbo ni wake huthibitisha kwamba aliyeuchukua ni mtu mbaya.

Mhariri wa diwani ya taarabu huingia katika ugomvi huu pengine bila ya kujua. Akichapa wimbo na kuandika chini yake jina la chama tu, amekwisha kuwahukumu waliohama. Akiandika jina la mwimbaji tu, ambavyo ndivyo kanda na santuri zilivyowazoeza watu, amewafuta wapigaji na mtunzi kwa pamoja. Akiacha wazi, kama diwani kadhaa zilivyofanya, wimbo huwa yatima, na yatima huchukuliwa na yeyote. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia kuandika majina yote manne, mtunzi wa shairi, mtia sauti, mwimbaji na chama, pamoja na mwaka na mahali ulipoimbwa mara ya kwanza. Na pale ambapo pande mbili zinagombania jina, kuandika kwamba zinagombania. Kamusi nazo zina deni. Zaieleza maana ya kuhama kwa mahali tu, na hazionyeshi matumizi yake yenye yambwa ya watu, ambayo ndiyo yanayosikika kila siku katika vikundi, katika klabu za mpira na katika siasa. Mwanafunzi wa lugha asomaye kamusi hizo hawezi kujua kwa nini "ametuhama" huumiza.

Kuna mfano mmoja ulio nje ya vyama vya ridhaa, kwa kuwa wahusika wake walikuwa wanamuziki wa kazi, lakini waonyesha vizuri yaliyosemwa juu ya majina na amana. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa katika Nuta Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na ambayo mtindo wake uliitwa Msondo. Mwaka 1978 aliondoka akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, ambako mtindo uliitwa Sikinde. Mwaka 1985 alikwenda Orchestra Safari Sound, na huko mtindo ukaitwa Ndekule. Kila alipoondoka, jina la mtindo lilibaki na bendi, naye akaenda bila ya jina. Hatimaye alirudi katika bendi yake ya zamani, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kubadilisha majina ya vyama vya wafanyakazi vilivyoimiliki hata ikabaki na jina la mtindo wake tu, Msondo Ngoma, akaimba hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki mwaka uliofuata. Kwa kurudi kwa namna hii Kiswahili kina usemi mmoja mfupi, "amerudi kundini", uliochukuliwa kutoka kwa wachungaji. Hautaji kosa wala hautaji msamaha. Mtendaji ni mmoja, yambwa hakuna, na kilichobaki ni kielezi cha mahali.